Slaidi ya 24

Mwenyekiti alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, kisha akainamia kompyuta yangu hadi uso wake ukakaribia kioo. Alisoma polepole, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza akasimama wima, akanitazama.

"Binti yangu, huku ndiko mnakoita kutuambia?"

Ulikuwa mwezi wa pili, Singida, katika chumba chetu cha mikutano ambacho dirisha lake linatazama ua wa kiwanda. Nje, mashine ya pili ya kusafishia mafuta ya alizeti, tuliyoinunua kwa mkopo wa benki, ilikuwa na wiki kadhaa haijawashwa. Mbegu zilikuwa zimekwisha. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa ametoka kusema kwa uchungu kwamba menejimenti haikuwahi kuwaeleza kuwa hali hii ingetokea. Nami, kwa kujiamini kabisa, nikafungua wasilisho la mwezi wa saba, lile tulilotumia kuiomba bodi ipitishe mkopo wa mashine hiyo, nikatafuta slaidi ya 24, nikaigeuza kompyuta imwelekee mwenyekiti. Nilijua ipo. Na kweli ilikuwepo: kidoti cha sita, mstari wa mwisho.

Sikupata la kumjibu.

Swali lile nimekaa nalo miezi miwili na zaidi. Nimelibeba kwenye daladala, nimelibeba jikoni, nimeamka nalo alfajiri. Naliandika leo kwa sababu nadhani kuna wengi wenye slaidi yao ya 24 mahali fulani kwenye kompyuta, na bado hawajaulizwa.

Kidoti cha sita

Wasilisho lilikuwa na slaidi 31. Vichwa vyake nikivitaja utavitambua, maana hata ofisini kwako vipo: Utangulizi, Dira na Dhamira, Hali ya Soko, Mafanikio, Changamoto, Mapendekezo, Hitimisho. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, ingawa kikao kizima kiliendeshwa kwa Kiswahili tangu sala ya kufungua hadi neno la shukrani. Tumeshazoea hivyo. Mdomo unasema Kiswahili, ukuta unasema Kiingereza, na msikilizaji anaachwa avuke mto huo peke yake.

Kidoti cha sita kwenye Changamoto, nikikigeuza kwa Kiswahili cha aina ileile, kilisema hivi: vikwazo vya msimu katika upatikanaji wa malighafi vyaweza kuathiri kiwango cha matumizi ya mtambo.

Niwaeleze sentensi hiyo ilikotoka.

Mwezi wa sita nilishuka ghalani kuchukua hesabu ya magunia. Mavuno yalikuwa yamepamba moto, malori ya Iramba na Mkalama yamepanga foleni kwenye mizani, makapi yanaelea hewani mpaka kooni. Nikamuuliza mtunza ghala kama mbegu zile hutufikisha mwaka mzima. Aliacha kuhesabu, akatabasamu.

"Mama, njoo mwezi wa pili. Utatukuta tunacheza bao hapo hapo ulipokanyaga."

Akanionesha kwa mguu mahali wanapoweka ubao. Kuanzia Januari mpaka mavuno mapya ya Mei, alisema, ghala huwa tupu. Hela ya kununulia mbegu hutuishia Septemba, na zinazobaki kwa wakulima huchukuliwa na wenye fedha mkononi. Mashine moja iliyokuwepo ilikuwa ikisimama miezi hiyo. Ya pili ingekuja kusimama kando yake.

Taarifa hiyo ilitosha kugeuza uamuzi wote. Kama mashine uliyonayo inakosa mbegu miezi minne, mkopo wako unapaswa kwenda kununua mbegu kwanza. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo. Mimi mwenyewe niliondoka ghalani nimeliona. Lakini nilipofika mezani kwangu na kufungua PowerPoint, bao liliondoka, mwezi wa pili ukaondoka, sakafu tupu ikaondoka, nikabaki na "vikwazo vya msimu".

Nilijua

Ningeweza kuishia hapo niseme lilikuwa kosa la lugha. Nisingekuwa mkweli.

Mkurugenzi wangu alipopitia rasimu, alinyoosha kidole kwenye kidoti kile. "Kiache, isije ikasemwa hatukukiweka. Ila usikikuze." Nilimwelewa bila kuuliza zaidi. Nikapunguza herufi kutoka 18 hadi 14, kidoti kikaingia vizuri chini ya vingine vitano: umeme kukatika, barabara ya vumbi, ushindani wa mafuta ya nje, na vinginevyo ambavyo kila mjumbe alikwisha kuvisikia mara mia.

Siku ya kikao slaidi ya 24 ilifika ikikaribia saa saba mchana. Harufu ya pilau ilishaingia chumbani. Nikasema, "na changamoto nyingine za kawaida, kama mnavyoziona hapo," nikabonyeza rimoti.

Sekunde kumi. Labda kumi na mbili.

Mtu asiye na slaidi akitaka kuficha jambo inambidi anyamaze, na akinyamaza, moyo wake unajua kwamba amenyamaza. Mwenye slaidi amepewa njia nyingine. Analibandika jambo ukutani mbele ya watu kumi na moja, halisikiki, na yeye anakwenda kulala akiamini kuwa amelisema. Usiku ule nililala vizuri sana. Ndiyo maana mwezi wa pili niliifungua kompyuta kwa haraka vile. Nilikuwa na ushahidi.

Makofi

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wasilisho lile lilipendwa.

Nilianza na mama anayekaanga maandazi alfajiri, ambaye mafuta yakitoa moshi na povu anapoteza wateja kabla jua halijachomoza. Kisha nikapitisha chupa mbili mikononi mwa wajumbe: moja ya mafuta yaliyokamuliwa tu, yenye ukungu na machujo chini, nyingine ya mafuta yaliyosafishwa, yanang'aa. Walizinusa, walizitikisa, waliziinua kwenye mwanga wa dirisha. Waliuliza maswali, walicheka pale nilipotaka wacheke. Mwishoni walinipigia makofi, na mjumbe mmoja alinifuata kwenye chakula kuniambia kwamba hajawahi kukaa macho namna ile katika kikao cha bodi.

Kila ushauri unaotolewa kuhusu kuvutia wasikilizaji, nilikuwa nimeutimiza. Hadithi mwanzoni, kitu cha kushika mkononi, picha nzuri, sauti yenye milima na mabonde. Mkopo ulipitishwa kwa kauli moja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria semina ya siku mbili Dodoma. Mwezeshaji alitufundisha jinsi ya kusimama, kutumia mikono, kumtazama mtu machoni bila kumtisha. Akaandika kwa makapeni nyekundu kwenye karatasi kubwa ukutani: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, mwili asilimia 55. Niliinakili na kuiamini. Baada ya mwezi wa pili nikatafuta ilikotoka. Inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, wakaoneshwa picha za nyuso, wakaulizwa msemaji ana hisia gani: amependa au hakupenda. Mehrabian mwenyewe amekuwa akisisitiza kwamba hesabu ile inahusu mawasiliano ya hisia na mitazamo tu.

Haihusu mbegu. Hakuna namna ya kusimama itakayomjulisha mjumbe wa bodi kuwa ghala litakuwa tupu Januari. Hiyo inataka maneno, tena yote asilimia mia.

Chupa zile ningezipitisha tena kesho, siziombei msamaha. Ninachojutia ni kwamba mvuto wote niliokuwa nao niliumimina kwenye jambo ambalo lingependwa hata bila mimi. Mafuta safi yanajiuza. Ghala tupu ndilo lililohitaji mtu wa kulisemea.

Inchi 1,920

Nilipoanza kusoma nijue kama kuna wengine waliowahi kufikwa na haya, nilikutana na kisa cha chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia. Wengi tunakumbuka habari yake. Sikuwa najua kuwa ndani yake kulikuwa na slaidi.

Columbia iliruka tarehe 16 Januari 2003. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilibanduka na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walifanya tathmini na kuiwasilisha kwa wakuu wao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilielekea kutuliza: kilisema takwimu za majaribio zinaonesha kuna kiasi cha usalama. Chini yake vidoti vikashuka ngazi kwa ngazi, herufi zikipungua. Mstari wa chini kabisa ndio uliobeba kisa chote. Kipande kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 3. Kile kilichogonga bawa kilikadiriwa kufikia inchi za ujazo 1,920.

Mara 640.

Yaani majaribio yale hayakuwa na la kusema kuhusu pigo lile. Na waliyaandika hayo. Yalikuwa ukutani. Tarehe 1 Februari, Columbia ilisambaratika angani juu ya Texas ikirejea, na wanaanga wote 7 wakafa. Tume iliyochunguza ajali iliichapisha slaidi ile katika ripoti yake ya mwaka huohuo, pamoja na uchambuzi wa Edward Tufte, profesa aliyestaafu wa Chuo Kikuu cha Yale, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi wa juu angeweza kuisoma asitambue kuwa inazungumzia hatari ya maisha ya watu.

Silinganishi msiba ule na riba ya kampuni yetu. Sisi tulipoteza fedha, na fedha hutafutwa. Ila niliposoma mpangilio wa vidoti vile nilishtuka, kwa sababu niliutambua mkono. Ndivyo ninavyopanga mimi. Kichwa cha kutuliza juu, ukweli wenye meno chini, na kadiri jambo linavyozidi kuuma ndivyo herufi zinavyopungua.

Tufte aliona pia kwamba neno moja la Kiingereza lenye maana ya uzito au umuhimu lilirudiwa mara tano kwenye slaidi ile, kila mara likibeba maana nyingine, na kamwe halikusema uzito kiasi gani. Sisi tunalo letu. Linaitwa changamoto.

Nakumbuka enzi ambazo mtu alisema tatizo, shida, upungufu, hasara, kosa, hatari. Kila moja lilikuwa na kazi yake. Shida unaivumilia, kosa lina mkosaji, hasara ina kiasi, hatari ina siku. Changamoto imeyameza yote. Mkandarasi akitoroka na fedha ni changamoto, mvua ikichelewa ni changamoto, dawa zikiisha zahanati ni changamoto. Neno hilo halina mwenyewe wala tarehe, na ndiyo maana tunalipenda. Nimeliondoa kwenye slaidi zangu, na kila ninapoliondoa nalazimika kuamua lililopo ni lipi kati ya yale mengine. Mara nyingi naamua sipendi kulitaja.

Tuzitupe?

Kwa muda nilifikiri dawa ni kuachana na slaidi kabisa.

Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, kampuni ya biashara ya mtandaoni, alifanya hivyo. Mwaka 2004 alipiga marufuku PowerPoint katika vikao vyake na viongozi wa juu, akataka badala yake maandishi ya sentensi kamili, kurasa zisizozidi sita, na kikao kianze kwa watu kusoma kimyakimya. Hoja yake ilikuwa kwamba vidoti vinamruhusu mwandishi kupita juu ya mambo bila kuonesha yanavyohusiana. Nilipoisoma nilikumbuka vidoti vyangu sita. Kati ya cha sita na pendekezo la kununua mashine hapakuwa na neno lolote la kuunganisha, si "kwa hiyo", si "lakini", si "ila kama". Sentensi kamili ingenibana: mashine itasimama miezi minne, hata hivyo tunapendekeza tuinunue kwa sababu... Hapo kwenye "kwa sababu" ningekwama, na kukwama kungenisaidia.

Nikajaribu. Machi niliandika kurasa nne nikaziweka kwenye makabrasha ya kikao cha menejimenti. Mnajua hatima ya makabrasha. Hufunguliwa mtu akishakaa kitini. Wawili walisoma hadi mwisho, watatu walisoma ukurasa wa kwanza, na mmoja, mzoefu kuliko sisi wote wa mambo ya ununuzi, alikaa kimya kikao kizima. Baadaye aliniambia kuwa macho yanamsumbua na hakutaka kuomba asomewe mbele ya watu. Sikuwa nimemfikiria. Slaidi yenye picha angeiona.

Basi sikuziacha. Lakini nilijiuliza kwa nini zinakuwa nyingi hivi, na jibu nililipata kwenye historia ya programu yenyewe. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huohuo kwa dola milioni 14. Toleo la kwanza lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe, la kuchapia zile karatasi za nailoni za projekta za zamani. Kabla ya hapo karatasi za namna hiyo zilichorwa na fundi au kupigwa chapa moja moja. Ziligharimu, kwa hiyo mtu alitengeneza chache na kufikiri kabla ya kuagiza. Leo slaidi ya 31 haimgharimu mtu chochote kuitengeneza. Gharama imehamia kwa msikilizaji, na yeye hatoi hata risiti.

Kuna na hili, ambalo ni letu. Uzito wa wasilisho tunauchukulia kama ushahidi wa jasho. "Ongeza ongeza, wasije wakadhani hatukufanya kazi," ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyowaambia vijana walio chini yangu.

Herufi 30

Mwaka 2005 mwekezaji wa Marekani, Guy Kawasaki, alipendekeza kanuni ambayo wengi wanaijua: slaidi 10, dakika 20, herufi zisipungue ukubwa wa 30. Nilikuwa naiona kama kanuni ya macho, ya kuwahurumia wazee walio nyuma. Nilipoifanyia kazi kwenye slaidi ya 24 niliona ina makali mengine.

Nilichukua slaidi ileile ya zamani, nikakuza kila kitu hadi 30. Vidoti vitatu vikaanguka nje ya ukurasa. Ikanibidi nichague: kidoti cha sita kibaki au kiondoke? Kikibaki, kitakuwa kikubwa kama vingine. Kikiondoka, nitakuwa nimekiondoa kwa mkono wangu na nitajua. Ile njia nyingine, ya kusema bila kusikika, ilizibwa.

Jambo jingine nililobadili ni vichwa. "Hali ya Ghala" ni jina la kabati, halimwambii mtu kilichomo. Siku hizi kichwa ni sentensi nzima yenye kitenzi, kwa Kiswahili, na nikishindwa kuiandika najua kuwa hiyo slaidi bado sijui inasema nini. Kuhusu grafu nilijifunza kwa kumtazama Hans Rosling, yule Mswidi aliyekuwa daktari Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia 1979 hadi 1981, na ambaye mwaka 2006 alisimama jukwaani California akaonesha mapovu, kila moja likiwakilisha nchi, yakitembea kwenye grafu. Watu hukumbuka mapovu. Mimi niliangalia alichofanya kabla hayajatembea: alieleza mstari wa chini ni nini, wa pembeni ni nini, povu ni nini, ukubwa wake ni nini. Hakuona haya kueleza. Mimi nimeona grafu ngapi zikipitishwa kwa "kama mnavyoona" wakati hakuna aliyeona?

Mambo madogo nayataja haraka. Ukibonyeza herufi B katikati ya onesho la PowerPoint skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Watu hugeuza macho kwako papo hapo. Na ile slaidi ya "Asanteni kwa kunisikiliza" nimeifuta milele. Ifikirie: ndiyo inayokaa ukutani nusu saa nzima ya majadiliano, kuliko nyingine yoyote, na haina kitu. Pale sasa linakaa ombi lenyewe, kiasi chake na tarehe yake.

Kumwambia mkubwa

Hayo yote ni ufundi, na ufundi haukuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa naogopa.

Sisi tumelelewa kwamba jambo baya halipelekwi kwa mkubwa likiwa uchi. Unaanza na salamu, itifaki inazingatiwa, unasifu kilichofanyika, kisha unalifunga lile jambo kwenye khanga mbili tatu. Siudharau malezi hayo. Yamenipa heshima ya watu. Ila nilipoyatafakari niliona kuwa wazee wenyewe hawakukusudia jambo lisifike. Lugha imejaa milango ya kuingilia: kumradhi, mniwie radhi, nina neno zito, naomba mnivumilie kwa hili. Zote humwandaa msikilizaji kwamba linalofuata ni zito, akae vizuri. Slaidi yangu ilifanya kinyume. Ilimwandaa asisikie.

Mwezi wa tatu nilikwenda kwa mkurugenzi jioni, watu wameondoka. Nilimwambia kwamba wasilisho lijalo nataka jambo baya likae mbele. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Tungelikuza mwezi wa saba, wangekataa mashine."

"Ndiyo, bosi."

"Na wangekuwa na haki."

Hakusema zaidi, na mimi sikuongeza. Nilitegemea ubishi, nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Alipokubali kwa upole vile ndipo nilipoelewa kuwa naye swali la mwenyekiti lilikuwa likimwamsha alfajiri.

Mwezi wa nne

Kikao cha bodi cha Aprili nilikwenda na slaidi tano na mtunza ghala.

Kumwalika kulileta mjadala. Hajawahi mtu wa ghala kuingia kikao cha bodi. Alikuja na shati lililonyooshwa, akakaa kwenye kiti cha pembeni kabisa karibu na mlango, mikono juu ya magoti.

Slaidi ya kwanza ilikuwa picha niliyoipiga kwa simu mwezi wa pili: sakafu ya ghala imefagiliwa, magunia matupu yamekunjwa ukutani, katikati ubao wa bao na wanaume wawili wameinama juu yake. Juu niliandika: Ghala letu hukaa hivi miezi minne kila mwaka. Nikasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, mniwie radhi, hili tulilijua mwezi wa saba na hatukulisema kwa sauti." Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi. Nikabonyeza B.

Ya pili ilikuwa grafu ya magunia mwezi kwa mwezi, nikaeleza kila mstari. Nilikuwa njiani kwenda ya tatu mtunza ghala aliponyoosha mkono.

"Samahani, mama. Hapo kwenye picha umeandika minne. Mwaka huu bao tulianza kulicheza Krismasi haijafika. Ni mitano."

Chumba kikanyamaza. Damu ilinipanda usoni. Kisha nikarudi kwenye slaidi ya kwanza, mbele yao, nikafuta "minne", nikaandika "mitano". Mwenyekiti akavuta kiti chake, akakigeuza kuelekea mlangoni.

"Mzee mwenzangu, sogea huku karibu. Hebu tueleze."

Walimhoji dakika arobaini. Gunia hupimwaje, wanaouza kwa wengine wanauza kwa nani, ghala linabeba kiasi gani likijaa hadi darini. Akawaambia jambo ambalo halikuwa kwenye slaidi yangu yoyote: tukinunua mbegu nyingi mwezi wa sita ili zitufikishe Machi, zile zinazoletwa hazijakauka vizuri zitavunda ghalani kabla ya Oktoba, na hapa hatuna hata kifaa cha kupima unyevu, wanapima kwa kuuma mbegu kwa meno. Slaidi ya tatu, ya nne na ya tano sikuzionesha. Wajumbe walizisoma kwenye makabrasha wakati wa chai.

Bodi ilipitisha nusu ya fedha tulizoomba kununulia mbegu. Nusu ya pili itajadiliwa tukishaonesha kuwa tunaweza kuzihifadhi.

Malori ya kwanza ya Mkalama yameanza kuingia wiki hii. Kipima unyevu kimefika, kiko juu ya meza ya mtunza ghala, na kila gunia linapita kwake kabla ya kwenda mizani.